Fomu Namba Saba

Benki ilinituma na futi ya chuma, kamera,
na fomu namba saba, kurasa nne.
Kutaisi mvua haikukatika tangu Jumapili,
mto Rioni umevimba, umebeba matawi ya watu wa juu.
Bi Tsiuri alinifungulia mlango, unga hadi viwikoni.
"Pita, mthamini. Futa miguu."

Kazi yangu ni kuthamini.
Si kupenda, si kusifu. Kuthamini:
kupima chumba kwa hatua na ukuta kwa ngumi,
kugonga mbao nikiwasikiliza mchwa,
kisha kuiandikia nyumba bei
kama daktari amwandikiavyo mgonjwa dawa
bila kuinua macho.

Nikampa habari njema.
"Bibi, nyumba yako imepanda."
"Imepanda wapi?"
"Thamani. Ng'ambo wanajenga hoteli.
Ni mara mbili ya miaka mitano iliyopita."
Akatazama juu, pale dari ilipolowa duara pana kama sinia,
na chini yake ndoo ikipokea tone, tone.
"Mzabibu wa uani niliupanda mimi.
Mkomamanga aliupanda Guram.
Hiyo bei kaipanda nani?
Mbona sikumwona akimwagilia?"

Nikapima jiko.

Alizungumza amenipa mgongo, akikanda.
Miaka arobaini na mmoja, alisema, sikusikia asante.
Mezani, mbele ya wageni, Guram alikuwa bingwa wa kuinua glasi:
aliwashukuru wafu, majirani, mvinyo,
ng'ombe wa shangazi yake,
mwamuzi aliyetupa penalti mwaka ule wa theluji nyingi.
Nikipita na sahani, alisogeza goti.
Basi.

"Nilimchukia kama utiavyo chumvi:
kidogo, ila kila siku."

Kisha akaacha kukanda.

"Alikufa Februari. Asubuhi baada ya maziko
nikatia mguu kwenye kiatu,
kilikuwa baridi kama samaki.
Nikaketi kitandani na kiatu kimoja,
sijui kwa muda gani; mkate uliungua.
Arobaini na moja ya majira ya baridi
viatu vyangu viliamka na joto,
nami nikidhani ndivyo viatu vilivyo.
Mtu alikuwa akiamka usiku, na goti lake lile bovu,
kuvisogeza karibu na moto
na kuvirudisha kabla sijafumbua macho."

Kutambua, basi, ndiko huku:
deni linalokufikia
aliyekukopesha akiwa ameshafunga duka.

Fomu namba saba ina mstari wa paa,
wa msingi, wa mabomba, wa umri wa nyaya.
Nilipindua kurasa nikitafuta pa kuliandika hilo.
Kuna "Mengineyo," nusu mstari.
Nikaandika: *Jiko la kuni. Linafanya kazi.*

Alitia saini bila kusoma tarakimu;
mwanawe Vakhtang ndiye aliyetaka mkopo.
Akanipa jozi, mfuko mzima, zenye maganda yake.
Nikasema asante mara tatu.
"Moja yatosha," alisema,
"usinijazie kibaba cha watu wengine."

Usiku ule Lamara alilala kabla yangu.
Nikavichukua viatu vyake pale mlangoni,
vimepinda kisigino upande mmoja,
(tangu lini anatembea hivi? nami ndiye nipimaye mji mzima)
nikaviweka jikoni, karibu na moto.

Sikujua kipimo.
Asubuhi soli ya kushoto ilikuwa imejikunja kama jani la tumbaku
na nyumba nzima inanuka mpira.

"Nani kachoma kiatu changu?"
Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.
Alinitazama, nikasubiri nithaminiwe:
nyufa zangu, unyevu wangu, umri wa nyaya.
Kisha akainama, akavaa cha kulia,
kile kilichopona.

"Mh," akasema.
"Kina joto."